Pikapu ya dizeli ya zamani inayozimazima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaoniletea swali hili wameshatoa pesa mara mbili au tatu. Pampu imefuliwa (imefunguliwa na kutengenezwa upya), noseli zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda zimebadilishwa, na gari bado linazima pale pale lilipokuwa likizima. Nimeandika majibu haya kwa ajili yao, na kwa ajili ya yule ambaye gari lake limeanza kukohoa wiki hii na bado hajaingia mfukoni. Kwenye magari haya pampu iwe mtuhumiwa wa mwisho.

Unazungumzia gari lipi hasa?

Toyota Hilux za dizeli zenye injini za familia ya L: 2L yenye cc 2446, 3L yenye cc 2779 na 5L yenye cc 2986. Ndizo zilizojaa vijijini na kwenye minada, na ndizo ninazozijua kwa mikono yangu. Hiace yenye injini hizo hizo inahusika pia.

Shika mambo mawili kuhusu injini hizi, maana majibu mengi huko chini yanasimama juu yake. La kwanza, pampu ya dizeli ni ya kimakanika na inazungushwa na taimingi belti, ule mkanda unaopatanisha mizunguko ya injini. La pili, hakuna pampu ya umeme ndani ya tenki inayosukuma dizeli mbele. Pampu ile ile iliyo ubavuni mwa injini ndiyo inayovuta dizeli kutoka kwenye tenki kupitia filta, kama mtu anavyovuta soda kwa mrija. Mrija ukiwa na tundu, unavuta hewa.

Limenizimia barabarani. Nifanye nini kwanza?

Kanyaga breki mara moja, uishikilie, ulitoe gari barabarani. Usipigepige pedali. Kwenye injini hizi pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya alteneta, kwa hiyo injini ikisimama nayo inasimama. Kwenye buta, kile kifaa kinachokuongezea nguvu ya breki, kunabaki akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao utakuwa mzito ukiwa na pawa, lakini unageuka. Vuta hendibreki, weka jiwe nyuma ya tairi, peleka pembetatu mbali kabisa na gari, hasa kama umesimama baada ya kona.

Halafu, kabla hujapiga starta, kaa nusu dakika ujiulize: lilizimaje?

Kwa nini unauliza "lilizimaje"?

Kwa sababu namna lilivyokufa inakupa nusu ya jibu bure.

Likizima ghafla, kama vile kuna mtu amezungusha funguo, bila kukohoa wala kupunguza nguvu, fikiria umeme unaokwenda kwenye kile kidude cha pampu kinachoruhusu dizeli kupita, au taimingi belti.

Likisinzia kwanza, ukikanyaga halisikii, linavutavuta, linaruka kidogo, linasinzia tena ndipo linazima, hapo dizeli haifiki inavyotakiwa. Ama imezibwa mahali, ama inakuja na hewa.

Likizima ukiwa kwenye sailensi tu, yaani injini inanguruma bila wewe kukanyaga mafuta, ukifika kwenye taa za barabarani au ukikanyaga klachi kabla ya tuta, lakini ukiwa na mwendo halina shida, hilo ni kundi jingine, nalo mara nyingi si la kutisha.

Likizima baada ya kupata moto, na likipoa linawaka kama hakuna kilichotokea, soma swali la pampu huko chini. Ila usirukie huko moja kwa moja.

Fundi asiyekuuliza lilizimaje, akaanza kufungua, mwombe asubiri kwanza.

Linazima na haliwaki tena. Nitajuaje kama dizeli inafika kwenye injini?

Mwombe mtu apige starta sekunde kumi, wewe simama nyuma uangalie ekzosi. Ukiona moshi mweupe au wa kijivu unatoka wakati starta inazungusha, dizeli inaingia kwenye silinda ila haiungui. Usipoona moshi kabisa, dizeli haifiki. Kipimo hiki hakihitaji hata spana moja, na kinakuokoa kupima vitu visivyohusika.

Ipumzishe starta kati ya mpigo mmoja na mwingine. Betri ikiisha huko porini utakuwa na matatizo mawili.

Nimeambiwa gari "limechukua hewa". Hewa inaingilia wapi wakati hakuna mahali panapovuja dizeli?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote.

Watu wanatafuta dizeli inayodondoka chini. Lakini kutoka kwenye tenki hadi kwenye pampu, mstari mzima uko upande wa kuvuta. Injini ikiwa inafanya kazi, tundu dogo upande huo halitoi dizeli nje, linaingiza hewa ndani. Mpira unaweza kuwa mkavu kabisa kwa nje, hauna hata unyevu, na bado ndio unaokuzimia gari. Mwone fundi anayesema "nimeangalia, hakuna linakovuja" kama mtu ambaye bado hajaangalia.

Sehemu ninazozikuta mara kwa mara ni hizi. Vipande vifupi vya mpira juu ya tenki, pale bomba la chuma linapotoka, maana huko hakuna anayepafikia na mpira unapasuka kwa umri. Klipu za asili zilizobadilishwa na waya wa kufungia. Bomba la chuma lenyewe, pale linaposhikiliwa kwenye chasisi, ambapo tope linakaa na kutu inakula kutoka nje. Pampu ya mkono iliyo juu ya filta, ambayo mpira wake wa ndani unachoka ukaanza kupitisha hewa. Na filta yenyewe.

Kwenye filta kuna kosa moja ambalo limenisumbua sana. Chini ya filta kuna kihisi cha maji, kile chenye waya. Unapobadilisha filta unakifungua kwenye ile ya zamani na kukifunga kwenye mpya. Kina mpira wake wa duara, na watu wanaurudisha ule wa zamani ambao umeshakuwa mgumu na bapa. Gari lilikuja kubadilishwa filta tu, linaondoka likiwa linazima. Ukisikia mtu anasema "tatizo limeanza baada ya sevisi", anzia hapo. Weka mpira mpya, upake dizeli, kisha kaza kwa mkono.

Nitaionaje hiyo hewa kwa macho yangu?

Nunua mpira mweupe unaoonyesha ndani, ule wa kuhimili mafuta, kiasi cha futi moja, na klipu mbili. Fungua mpira mweusi unaotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu, weka huo mweupe mahali pake. Piga pampu ya mkono mpaka ikaze, washa gari, tazama.

Vibubujiko vichache mwanzoni ni vya kazi uliyofanya sasa hivi. Vitapita. Baada ya dakika mbili tatu dizeli inatakiwa iwe safi kama kioo, ionekane kana kwamba haitembei. Ukiona msururu wa vipovu vidogo kama vya soda vikipita bila kukoma, kuna mahali panavuta hewa. Ukiona povu kubwa linakuja, linakaa, linaondoka, na sailensi inatetereka kila linapopita, umeshamkamata mwizi akiwa ndani ya nyumba.

Sasa rudi nyuma hatua kwa hatua. Hamisha mpira huo mweupe uuweke kabla ya filta. Vipovu vikiwa bado vipo, tatizo liko kati ya hapo na tenki. Vikitoweka, tatizo liko kwenye filta au pampu ya mkono. Kazi ya nusu saa.

Na nikikosa mpira mweupe?

Basi tumia kidumu, na kipimo hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote, hata kama mpira mweupe upo.

Chukua kidumu cha lita tano, kisafi na kikavu, weka lita tatu za dizeli unayoiamini. Kiweke juu kidogo ya kimo cha pampu, mahali kisipoweza kuanguka, mbali na manifoldi ya ekzosi. Chomoa mpira unaoingia kwenye pampu, unganisha mwingine unaotoka kwenye kidumu. Mpira wa dizeli inayorudi nao uuelekeze kwenye kidumu hicho hicho. Toa hewa, washa, liache lingurume nusu saa. Ukiwa na mtu wa kushikilia na njia tulivu, zunguka nalo taratibu.

Likifanya kazi vizuri, pampu yako haina kosa. Ubaya uko nyuma: tenki, mabomba, mipira, filta. Likizima vile vile wakati linakunywa dizeli safi isiyo na hewa kutoka kidumuni, hapo sasa tuzungumze habari za umeme wa pampu na pampu yenyewe.

Kuna mtego mmoja unapofungua mabomba kwenye pampu. Bolti lenye tundu linaloshika bomba la kurudishia limeandikwa OUT, na ndani lina kitundu chembamba kinachobana dizeli ili pampu ibaki na presha. Bolti la kuingizia linafanana nalo na linaingia kwenye nyuzi zile zile, ila tundu lake ni kubwa. Ukiyabadilishana, pampu inakosa dizeli ya kutosha kuingia, na presha ya ndani inapotea. Nimeona gari likizungushwa gereji mwezi mzima kwa kosa hilo. Yatofautishe kwa rangi kabla hujayatoa.

Wewe uliyajuaje haya?

Kwa kulipia. Nilikuwa na Hilux ya 3L niliyokuwa nikipakia vitunguu Ruaha Mbuyuni kupeleka Iringa. Kila safari ilipofika Mlima Kitonga, gari lilianza kusinzia kona ya tatu au ya nne, likazima. Nasubiri, napiga pampu ya mkono, linawaka, linapanda kidogo, linazima tena. Malori yananipita huku turniboi wangu akikimbia na jiwe nyuma ya tairi.

Gereji moja ikaniambia pampu imechoka. Ikafuliwa, nikalipa pesa ya mizigo minne. Safari iliyofuata likazima kona ile ile.

Kilichonifungua macho ni swali la mzee mmoja aliyesimamisha lori lake kunisaidia: "Tenki lako likiwa limejaa, huwa linazima hapa?" Nikafikiri. Halikuwa likizima. Lilikuwa likizima tenki likiwa robo. Akanieleza kwamba gari likiinua pua mlimani, injini inakuwa juu zaidi ya tenki, na dizeli ikiwa chini pampu inavuta kwa nguvu zaidi. Mpira wenye ufa mdogo ambao tambarare haufunguki, hapo unafunguka. Tulilala chini ya gari. Kipande cha mpira juu ya tenki, urefu wa kidole, ukikikunja unaona ufa mwembamba kama unywele upande wa juu. Akakikata, akavuta kilichobaki, akakaza klipu. Nilipanda hadi juu bila kusimama.

Mpira ule niliutunza muda mrefu kwenye droo ya gari. Kila fundi aliyeniambia "pampu" nilimwonyesha.

Pampu ya mkono inaweza kuniambia nini?

Mengi. Ipige gari likiwa limezima. Ikikaza baada ya mipigo kumi au ishirini na ikabaki imekaza, mstari umeshika. Ikibaki laini hata ukipiga mara hamsini, inavuta hewa au tenki ni tupu. Ikibonyea yenyewe na kubaki chini, au ikipanda polepole sana, kati ya tenki na filta kuna kizuizi: bomba limeziba au tenki halipumui.

Ikiwa kila asubuhi lazima upige pampu ndipo gari liwake, dizeli inarudi tenkini usiku kwa sababu kuna mahali hewa inaingia. Usizoee kupiga pampu. Gari hilo limeshakutangazia tatizo, kinachobaki ni siku litakapokuzimia mlimani.

Tenki kutopumua maana yake nini?

Dizeli inapotoka, hewa lazima iingie mahali pake. Njia ya hewa ikiziba, tenki linajinyonya, na pampu inashindwa kuvuta. Dalili yake ni ya kipekee: gari linakwenda vizuri nusu saa au saa nzima, linaanza kusinzia, linazima. Ukisubiri robo saa linawaka tena.

Kipimo: likizima tu, nenda fungua mfuniko wa tenki huku umeweka sikio. Ukisikia "fyuuu" ndefu ya kuvuta pumzi, na gari likawaka baada ya hapo, umemaliza. Mara nyingi chanzo ni mfuniko wa bandia usio na tundu, au mfuniko uliopotea na mahali pake pakafungwa mfuko wa nailoni na mpira wa ndani wa baiskeli.

Usichanganye na uchafu wa tenki, maana dalili zinafanana. Kutu, vipande vya nailoni, au ute mweusi unaoota mahali dizeli inapokutana na maji, vinavutwa hadi kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea, vinaziba. Gari likizima uvutaji unaisha, vinadondoka, gari linawaka. Hapa hakuna njia ya mkato. Shusha tenki, lioshe, likauke kabisa.

Filta nibadilishe baada ya muda gani, na maji nayatoaje?

Mimi nabadilisha kila kilomita 10,000, kwa sababu najua dizeli yetu inapita kwenye madumu na mapipa mangapi kabla ya kufika kwangu. Wengine wanakwenda mbali zaidi. Ukinunua gari la mtu, badilisha siku hiyo hiyo, usimwamini.

Kutoa maji: weka chupa ya plastiki nyeupe chini ya koki ya filta, fungua koki kwa mkono, piga pampu ya mkono taratibu. Iache chupa itulie dakika tano. Maji yanakaa chini, dizeli juu, na mpaka kati yao unauona wazi kama mstari wa rula. Ukiona maji robo ya chupa, usiridhike kwa kuyatoa. Yamebaki mengine tenkini. Taa ya filta ikiwaka kwenye dashibodi usiiache mpaka Jumapili. Maji yakifika kwenye pampu yanaikata ulainisho, kwa sababu pampu hii hailainishwi na oili ya injini, inalainishwa na dizeli yenyewe.

Linazima ghafla kama limekatwa na kisu. Nianzie wapi?

Kwenye kile kidude cha umeme kilichofungwa kwenye pampu chenye waya mmoja, solenoidi ya kukatia dizeli. Ukiwasha swichi inapata volti 12, inavuta kipini, dizeli inapita. Umeme ukikatika hata kwa kufumba na kufumbua, kipini kinarudi, injini inakufa.

Washa swichi bila kupiga starta, chomoa waya huo kisha uuguse tena. Unatakiwa usikie "tik". Usiposikia, pima waya kwa mita au taa ya kupimia. Kama hakuna umeme, rudi nyuma: fyuzi, plagi za waya, swichi ya funguo iliyolika. Tikisa funguo wakati gari linanguruma, likikatika, umepata. Kama umeme upo na hakuna "tik", solenoidi yenyewe imekufa.

Nati ya waya huo ni ndogo na hulegea kwa mtikisiko. Nimeshalipwa nauli ya kwenda na kurudi Kilolo kwa kazi ya kukaza nati moja.

Ukiwa porini, unaweza kupeleka waya wa muda moja kwa moja kutoka kwenye chanya ya betri hadi kwenye solenoidi, baada ya kuhakikisha gari ni la volti 12. Kumbuka tu kwamba funguo haitazima injini tena. Utazima kwa kuchomoa waya. Kuna wanaofungua solenoidi, wakatoa kipini, wakafunga tena na kukwambia "imepona". Nakataa kazi hiyo. Siku waya utakaposhika moto au gari kupata ajali, utataka injini izime, na haitazima.

Na taimingi belti?

Ikikatika, gari linazima ghafla, na starta inazungusha kwa wepesi usio wa kawaida huku ekzosi haitoi moshi hata kidogo, maana belti hiyo hiyo ndiyo inayozungusha pampu. Ukiwa na shaka hata kidogo, acha kupiga starta. Valvu zinaweza kugonga pistoni, na kila mpigo unaongeza hasara. Fungua kava ya belti uangalie kwanza. Toyota imeweka taa ya T-BELT kwenye dashibodi iwake kwenye kilomita 100,000. Magari mengi ya mtumba taa hiyo imeshazimwa bila belti kubadilishwa.

Linazima kwenye sailensi tu. Ni nini?

Kwanza pandisha akili kabla ya kupandisha sailensi. Injini hizi zikiwa na moto zinakaa karibu na mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika. Ikiwa imeshuka kwa sababu skrubu imejilegeza, kuirudisha ni halali. Lakini ikiwa imeshuka kwa sababu ya hewa, filta au noseli inayodondosha badala ya kunyunyiza, kuipandisha kwa skrubu ni kuficha ugonjwa.

Tafuta silinda dhaifu. Gari likinguruma, legeza kidogo nati ya bomba la noseli moja kwa spana namba 17, ukizungushia kitambaa. Injini ikibadilika mlio na kuyumba, silinda hiyo inafanya kazi. Ikaze, nenda inayofuata. Ile isiyobadilisha kitu ndiyo mgonjwa. Vaa miwani na weka mikono mbali: dizeli inayoruka kwa presha inaweza kupenya ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali hata kama linaonekana dogo.

Likizima ukiwasha AC peke yake, angalia kile kifaa cha vakyumu kinachopandisha sailensi na vimpira vyake. Skrubu iliyofungwa kwa waya na muhuri wa risasi usiiguse. Hiyo ni ya kiwango cha juu cha dizeli, inarekebishwa kwenye mashine.

Linazima likipata moto, likipoa linawaka. Je, sasa ni pampu?

Inawezekana. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, na pampu iliyolika inashindwa kuibana kwenye mwendo mdogo wa starta. Lakini solenoidi yenye koili iliyochoka nayo hufa ikipata moto na kufufuka ikipoa. Kwa hiyo likizima, pima "tik" kwanza, injini ikiwa bado ya moto.

"Tik" ikiwepo, lowanisha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, kikamue, kifunge juu ya kichwa cha pampu, pale yanapotoka mabomba manne. Subiri dakika kumi. Likiwaka, na kipimo cha kidumu umeshakifanya, basi ndiyo, pampu imefika umri wake. Usimwagie maji baridi juu ya pampu ya moto. Chuma kinasinyaa na pampu inaweza kukwama moja kwa moja.

Ipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, sio kwa anayefungua juu ya boneti. Na umwombe akurudishie vipuri vya zamani.

Inaweza kuwa mafuta ya sheli?

Inaweza, hasa likianza siku ile ile uliyojaza. Uchanganyaji wa dizeli na mafuta ya taa ulikuwa tatizo kubwa Tanzania, mpaka EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya kuchanganya ipotee. Mafuta ya taa hayana ulainisho ambao pampu inahitaji. Shaka yako ikiwa kubwa, toa nusu lita kwenye chupa, itunze pamoja na risiti. Ukijaziwa petroli kwa makosa, usiwashe hata kulisogeza.

Langu ni 1KZ-TE, 2L-TE au Vigo ya D-4D. Haya yananihusu?

Ya hewa, tenki, filta na maji, ndiyo, yote. Lakini hizo zinaongozwa na kompyuta. Anza na kusoma namba za hitilafu kwenye kompyuta hiyo. Kwenye 1KZ-TE na 2L-TE mtuhumiwa wa kawaida ni valvu ya umeme iliyo kwenye pampu. Kwenye 1KD, injini ya D-4D ya Vigo, ile valvu inayopima dizeli inayoingia kwenye pampu ya presha ikinata, gari linazima kwenye sailensi. Usifungue mabomba ya noseli ya D-4D injini ikiwa inafanya kazi. Presha yake ni ya kuua.

Nimetengeneza. Nitajuaje kwamba limepona kweli?

Usilijaribu na tenki lililojaa. Liache lifike robo, tafuta mteremko, liegeshe usiku kucha pua ikiwa juu. Asubuhi usiguse pampu ya mkono. Piga starta. Likishika mara moja na kubaki kwenye sailensi bila kutetereka, angalia mpira mweupe kama bado umeuacha: dizeli iwe safi, bila povu. Fanya hivyo siku tatu. Kisha toa mpira mweupe, maana moto wa injini utaukakamaza, rudisha mweusi mpya na klipu mpya, pakia mzigo wako, upande mlima.